Hukuona mwezi

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha tatu hapa Mwanza, na tamathali za semi nilizijua kwa kichwa: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri. Siku moja mwalimu wa Kiswahili alitupa kifungu cha ufahamu, aya tatu tu. Usiku wa mwezi mpevu, karabai zinatembea ziwani, zinasimama, zinatembea tena. Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, mwanamke ameketi, uji unapoa mbele yake.

Swali: mwandishi ana lengo gani, na ametumia mbinu gani kulifikia? Nikajibu bila wasiwasi. Lengo ni kusifu uzuri wa ziwa na bidii ya wavuvi wa dagaa. Mbinu ni tashihisi, kwa sababu karabai "zinatembea". Nilipata 2 kati ya 10. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Hukuona mwezi."

Nilikuwa nimeuona, si uko mstari wa kwanza? Jumamosi nikaenda na karatasi yangu Igombe kwa mjomba, aliyevua dagaa tangu sijazaliwa. Nilimkuta akigeuza dagaa juani. Nikamwamkia, nikaanza kumsomea. Aya ya kwanza haijaisha, mikono yake ikasimama.

"Mwezi mpevu? Hao hawavui, mpwa wangu."

Karabai huwavuta dagaa kwenye giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Tena taa ya dagaa hutulia majini ikiwasubiri. Haihangaiki huku na huku.

"Wanatafuta mtu," alisema.

Ilikuwa miaka 3 tu tangu meli ya MV Bukoba izame ziwani humu na kuua mamia ya watu, tarehe 21 Mei 1996. Mwanza ile maneno hayo hayakuhitaji maelezo. Nikaurudia ule uji, nikaelewa ulipikiwa nani. Neno kifo halimo kwenye kifungu kizima. Mwandishi ametuwekea mwezi, taa na bakuli, uchungu tuufikie wenyewe. Mimi nililijua jina la mbinu, sikuuliza inafanya kazi gani pale. Hadi leo naumia nikiona wanafunzi wakikaririshwa majina hayo huku hadithi yenyewe ikiwapita.

Mjomba aliomba mstari wa mwisho. Nikasoma: "Kulipopambazuka, karabai zilizimwa moja moja."

"Hawakumpata," alisema. "Wangempata, wangerudi wote pamoja."

Akainamia tena dagaa wake, akawa anawageuza taratibu.