Siku Moja ya Mtengeneza Bustani za Maji Dodoma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Iyumbu, kwenye bwawa tulilolikabidhi mara mvua zilipokatika. Ninaipenda saa hii kwa sababu usiku mimea nayo hutumia oksijeni iliyomo majini, hivyo alfajiri ndipo huwa imepungua kupita wakati mwingine wote. Samaki wakizidi idadi au maji yakichafuka, utawakuta wamepanda juu wakitweta midomo wazi. Leo perege wametulia chini ya majani ya yungiyungi.

Naweka rula ukutani. Tangu jana saa kama hii maji yameshuka milimita 7. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bwawa hili la mita 20 za mraba limepoteza lita 140 kwa siku moja. Mwenye nyumba anashuku kwamba linavuja, lakini ndoo niliyoijaza maji na kuisimamisha kwenye kidato cha bwawa nayo imeshuka milimita zile zile, na ndoo ile ni nzima. Ni jua na upepo wa Oktoba tu, katika mji ambao wastani wa mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600.

Saa mbili na nusu nafika Ilazo kwa mteja mpya, ambaye anataka chemchemi ya kurusha maji mita tatu juu.

“Mama, upepo wa hapa utayapeleka kwa jirani kabla hayajarudi bwawani,” namwambia.

“Kwa hiyo, fundi, unataka nikae na dimbwi lililolala?”

Tunakubaliana kwamba maji yateremke taratibu juu ya jiwe la matale lililopo tayari uwanjani, na kwamba bwawa liwe la kina cha sentimita 80 badala ya kutandawaa, kwa kuwa maji hukauka kwa upana wake wala si kwa kina. Tunalisogeza nyuma ya ukuta wa mashariki, unakotokea upepo. Kisha mimi na msaidizi wangu tunashika ncha mbili za mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, tukipima ukingo pembe kwa pembe. Hapo sina haraka hata kidogo: ukingo ukipishana sentimita mbili, plastiki ya bwawa itachungulia upande mmoja na kuliwa na jua.

Saa tano tunapanda yungiyungi kwenye bwawa jingine la mtaa huo. Ninatumia makapu ya plastiki yenye matundu na udongo wa mfinyanzi mtupu. Samadi siitii kamwe, maana huwalisha mwani na kuyageuza maji kuwa ya kijani. Shina nene linalazwa kwa mshazari, chipukizi likiachwa juu ya udongo, kisha kokoto zinatandazwa ili samaki wasiufukue. Kapu linaanza kwenye kina kifupi na kushushwa kadiri majani yanavyorefuka. Majani yakifunika theluthi mbili hivi za bwawa, mwani hukosa mwanga.

Chakula cha mchana ni ugali na mlenda, chini ya mwarobaini.

Saa nane niko Mtumba kwenye bwawa la ofisi moja linalojazwa maji ya kisima. Maji yakikauka chumvi hubaki, na mstari mweupe juu ya mawe unaonyesha ilivyolundikana. Kuongeza maji peke yake hakutoshi, kwa hiyo robo ya bwawa tunaitoa na kumwagilia miti inayostahimili chumvi. Sponji ya pampu naisuuza kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, kwani klorini ya bombani ingewaua bakteria wanaoyasafisha maji. Viluwiluwi wa mbu sioni, perege wamewamaliza. Ninaweka madume matupu, wasije wakazaana hadi bwawa likawaelemea.

Jioni, nikiwa kwenye kitalu changu, kijana mmoja anakuja kuniuzia gugumaji, maua yake ya zambarau yakiwa yanavutia kweli. Ninamkatalia na kumweleza jinsi lilivyolisumbua Ziwa Victoria katika miaka ya 1990. Namwomba alianike likauke kabisa kabla ya kulitupa, asilimwage mtaroni, kisha tunapatana bei ya miche ya mafunjo.