Grupu letu la mwani linavyojiendesha kwa mia tano mia tano

Watu wananiuliza sana hili grupu letu la wakulima wa mwani hapa Pemba linajiendesha vipi na mfadhili hatuna, basi leo naeleza.

Sie tuko wasapu, wengi wanawake, wa Tumbe, Shumba Mjini, Kiuyu mpaka Makangale, tunapeana habari za bei, mwani ulioanza kuoza, nani anauza kamba. Wasapu yenyewe bure ila wenzetu wengi wana vitochi tu, kwa hiyo kila habari ya maana tunawatumia meseji, mfano Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi basi na mwenye kitochi nae aijue mapema. Meseji hizo tunanunua za jumla, na wanaokaa kuandika wanataka bando. Pesa ndo inaingia hapo.

Kiingilio nilikikataa tokea mwanzo. Mwani umeanza kulimwa kwetu Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo wanaoshinda majini wengi ni wanawake, mwani wa aina ya spinosum bei yake ndogo, ule wa cottonii ndo una bei lakini maji yakipata joto unakufa, sasa mtu wa hali hiyo umwambie alipe kwanza ndo ajue kama kuna upepo? Anaetaka atoe, mia tano, elfu, asiekuwa nayo meseji anapata vile vile.

Halafu muda wa kuomba. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukijaa, maji yanakauka sana na watu wote wako pwani, hakuna wa kushika simu. Mwani unakaa kama wiki sita ndo unavunwa, bado kuanikwa, sasa mie naomba watu wakishapima na kulipwa, kabla ya hapo sisemi kitu.

Makato nayo, mtu akituma mia tano kwa simu na wewe ukaitoe kwa wakala inabaki nini? Kila kijiji kuna bi mmoja anapokea mkononi, zikikusanyika anatuma mara moja. Ndugu zetu walioko Muscat wanawaagiza watu wao wa hapa hapa wawatolee.

Kuna waliotaka tuweke orodha ya majina kama michango ya harusi. Hapana jamani. Wa mia tano akiona mwenziwe katoa elfu tano anaondoka kimya kimya, na sadaka ya siri ina kheri zake. Kila mwisho wa mwezi naweka jumla iliyoingia, risiti ya meseji na salio, na voisi juu yake kwa wasiosoma.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili, mnunuzi mmoja alitaka atulipie kila kitu mwaka mzima, na baadhi ya wenzangu walifurahi kweli, mie nikakataa, kwa sababu humu ndimo tunamoambizana nani ananunua kilo kwa shilingi ngapi, akiwa yeye ndo anatulipia, siku bei yake ikiwa ya chini nani atafungua mdomo? Tukakubaliana mtu mmoja mwisho elfu tano kwa mwezi, awe nani awe nani. Na mnunuzi yule nae hazidishi hapo, kama wengine.

Salio lililopo linatuvusha kusi lote inshaallah. Wenzetu wa pweza wa Kisiwa Panza mkitaka kuanzisha lenu njooni, daftari ninaloandikia nitawaonesha lote.