Tani 16, yaani mifuko 290 ya saruji

Kwetu Jumapili asubuhi ilikuwa na sauti yake. Mama anachambua mchele, Mzee ananyoa ndevu uani mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye mpapai, na redio kaseti inapiga kantri. Jim Reeves, Kenny Rogers, halafu jamaa mmoja mwenye sauti nzito kama anaimbia ndani ya pipa. Huyo wa pipa ndo Mzee alikuwa anampenda kuliko wote, anapiga vidole kufuata biti, tap tap, wembe uko mkono mwingine, mama anamwambia utajikata, na kweli kuna siku alijikata.

Miaka yote mi nilidhani ule wimbo ni wa mapenzi. Unavyotembea kwa maringo vile, utadhani mtu anaenda kuchumbia. Kumbe ni mtu anadaiwa!

Mwimbaji wa pipa ni Tennessee Ernie Ford, wimbo ni "Sixteen Tons", yaani tani 16 za makaa ya mawe, ulitoka mwaka 1955. Tena waliuweka upande wa pili wa santuri, ule upande ambao hawautegemei, na ndani ya mwezi ukawa umeuza nakala zaidi ya milioni. Ila wimbo si wake. Mwenyewe ni Merle Travis, alishaurekodi mwaka 1946 kwenye albamu inaitwa Folk Songs of the Hills, na hiyo albamu ndo inanifanya niandike leo maana nina wiki mbili sipigi kitu kingine, watu wa nyumbani wameshanichoka.

Enzi hizo albamu ilikuwa albamu kweli, kama ya picha, unafungua unakuta santuri ndani. Hii ilikuwa na santuri nne, nyimbo nane. Travis alizaliwa 1917 Kentucky, wilaya ya Muhlenberg, baba yake mchimba makaa ya mawe. Yeye mwenyewe gitaa likamtoa akaishia California anakula maisha. Sasa wakubwa wa Capitol, kampuni yake ya santuri, wakaona nyimbo za asili zinauza sana kupitia mwimbaji Burl Ives, wakamwambia na wewe tuletee za kwenu. Akasema jamani, zote Burl Ives kashaziimba. Wakamjibu basi tunga. Akatunga! "Dark as a Dungeon" aliiandika usiku anarudi kutoka kumuona demu wake Redondo Beach, akapaki pikipiki chini ya taa ya barabarani, akaandika hapohapo. Kwa hiyo ule wimbo ambao watu wanaamini ni wa mababu, umetungwa na mtu mwenye pikipiki, kwa oda ya kampuni ya santuri, karibu na ufukwe. Wapo wanaoona huo ni utapeli. Mi naona kuna vitu vinahitaji uwe umeviacha mbali kidogo ndo uvione vizuri.

Kabla ya kuimba anaongea kwanza, yuko yeye na gitaa lake tu. Kwenye "Sixteen Tons" anaeleza mambo ya duka la kampuni, na hapa naomba tukae kidogo.

Mchimbaji alikuwa anaishi nyumba ya kampuni, kodi inakatwa. Daktari wa kampuni, anakatwa. Baruti ya kupasulia mwamba na mafuta ya taa yake ya kichwani ananunua mwenyewe, yaani unalipia vifaa vya kumfanyia tajiri kazi. Kabla mshahara haujatoka familia ishakula, kwa hiyo mke anaenda ofisini kuchukua vile visarafu vya shaba vyenye jina la kampuni, Travis anasema kwao waliviita "flickers", na hivyo visarafu huwezi kununulia kitu popote pale isipokuwa dukani kwa kampuni hiyohiyo, ambako bei ni wanayotaka wao. Siku ya malipo wanatoa deni, wanakuta hakuna cha kukupa, unaanza mwezi mpya ukiwa chini ya sifuri. Mangi wa mtaani na daftari lake la madeni ni malaika ukimlinganisha na hawa, maana Mangi akikubania unavuka barabara unaenda kwa Mangi mwingine. Hii ni kausha damu ambayo imekujengea na nyumba unayolala.

Ndo maana kwenye kiitikio mtu anamwambia Mtakatifu Petro asimwite, hawezi kuja, roho yake imewekwa rehani dukani. Hayo maneno Travis aliyatoa nyumbani kwao, ndivyo baba yake alivyokuwa akitania watu wakimuuliza hali: siwezi kumudu hata kufa. Na kwenye maelezo yake, baada ya kukueleza dhuluma yote hiyo, Travis anasema inasikika vibaya, ila hata hilo lina upande wake wa neema. Halafu gitaa linaingia, limechangamka! Nilirudia hapo mara tano.

Tena gitaa lenyewe anapiga kwa vidole viwili tu, dole gumba linapiga besi bila kuchoka, kidole cha shahada kinacheza juu. Ufundi huo kwao uliachwa na watu kama Arnold Shultz, mpigaji mweusi aliyefanya kazi kwenye migodi hiyohiyo. Ukitaka raha, ukimaliza Travis weka "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, aliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, Katanga, mji wa migodi nao, anaimba Kiswahili cha kule. Gumba na shahada, viwili tu. Sisemi mmoja kamuiga mwingine, ila yanavyokaa pamoja hayo magita, acha kabisa.

Si nyimbo zote ni za mgodi, kuna ya dini, kuna ya wanyama ya kitoto, hizo mi naziruka. Ila "Dark as a Dungeon" siiruki. Anaanza kwa kisa cha mzee mmoja wa kijijini kwao, Travis alimuuliza kwa nini hukuacha hii kazi, mzee akajibu vumbi la makaa likishaingia kwenye damu basi, ni mazoea kama kutafuna tumbaku. Mwisho wa wimbo mwimbaji anaomba akifa mwili wake ugeuke makaa, ili siku moja achungulie kutoka mbinguni amuonee huruma mchimbaji anayechimba mifupa yake. Hebu fikiria hiyo. Na huko hatari haikuwa ya kwenye wimbo, mwaka 1907 peke yake migodi ya makaa ya Marekani iliua watu zaidi ya 3,200, na 362 kati yao walikufa siku moja, Monongah, West Virginia. Sheria yenye meno kuhusu vumbi la mapafu imekuja 1969, Travis ana miaka 50 na ushee.

Kiukweli wakati naanza kuisikiliza nilichukua salary slip yangu nikahesabu makato. Yapo saba. Niliacha kuhesabu.

Mwezi uliopita nikampigia Mzee hiyo albamu. Amestaafu ufundi ujenzi, goti linamsumbua, ila masikio mazima. Akasikia lile gitaa akauliza, huyu naye anacheka nini? Nikamtafsiria. Nikamwambia tani zao ni fupi kidogo, kilo 907, hivyo 16 ni kama mifuko 290 ya saruji, kwa beleshi, kwa siku, mtu mmoja. Akanyamaza, nadhani alikuwa anaipanga kichwani. Nilitegemea aseme ni uongo.

"Kupima nani alikuwa anapima?"

Nikamwambia mzani ni wa kampuni, na wanalipwa kwa tani. Kila mchimbaji alikuwa na kisahani cha namba anakitundika kwenye toroli lake ili lijulikane la nani, na walivyoibiwa sana ilibidi wagombane hadi waruhusiwe kuweka mtu wao wa kusimama pale mzanini, mshahara wake wanamchangia wenyewe.

"Eeh," akasema Mzee. "Hapo sawa." Akaniambia nirudishe ule wa nyundo, "Nine Pound Hammer", wa albamu hiyohiyo.