Ile nane ya mwisho niliitoa wapi?

Nilipima dirisha kwa tepu ya inchi, nikapata 47. Tepu yenyewe ilikuwa imechakaa, alama ndogo zimefutika, kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa kukadiria hadi nusu inchi iliyo karibu. Fundi wa vioo alitaka sentimita. Nikashika kikokotoo: 47 mara 2.54, jibu 119.38. Nikamwandikia vilevile lilivyotoka.

Alivyoiona namba ile, aliamini nimepima kwa chombo kizuri. Akaacha nafasi ya milimita mbili tu, akakata 119.2. Kioo kikakataa kuingia. Upana wa kweli ulikuwa 118.9.

Fundi hakugomba. Aliniuliza, "Dada, hii nukta tatu nane uliiona kwenye tepu?"

Sikuiona. Ilizaliwa ndani ya kikokotoo. Kipimo changu kilikuwa na tarakimu za maana mbili, yaani zile zilizotokana na kupima kwenyewe, na hata hiyo 7 nilikuwa na shaka nayo kwa robo inchi huku na huku. Ukibadili shaka hiyo pia kuwa sentimita, upana unaangukia popote kati ya sentimita 118.7 na 120.0. Nilipaswa kumwambia "kama 119, lakini njoo upime mwenyewe."

Wengi hukosea hapa kwa kuhesabu tarakimu za 2.54, wakasema ni tatu, basi jibu liwe na tatu. Hapana. Tangu makubaliano ya kimataifa ya 1959, inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, bila shaka yoyote, hata ukiandika sufuri mia nyuma yake. Kinachoamua ni kile ulichopima.

Joto linanisumbua zaidi. Digrii 37 za Selsiasi zikigeuzwa Farenihaiti zinakuwa 98.6, na mtu akiona 98.8 anaanza kujihisi mgonjwa. Lakini 37 iliyosemwa kwa digrii nzima ni chochote kati ya 36.5 na 37.5, yaani kati ya 97.7 na 99.5. Ile nukta sita ni ya hesabu, haikutoka kwenye kipimajoto.

Ila usikate tarakimu kupita kiasi pia. Ukipima sentimita 98 hadi sentimita iliyo karibu, unapata inchi 38.58. Kanuni ya kuhesabu tarakimu, kwamba kipimo chenye mbili kitoe jibu lenye mbili, inasema andika 39, nami siikubali: shaka yako ni kama inchi 0.2 tu, na 39 inamfanya msomaji adhani ni nusu inchi nzima. Mimi naandika 38.6. Na kama hesabu ina hatua kadhaa, tarakimu zote zibaki kwenye kikokotoo mpaka mwisho, ndipo ukadirie mara moja.

Dirisha nililipima upya kwa tepu ya milimita, juu, katikati na chini. Chini palikuwa pembamba kuliko juu kwa milimita tatu.