Ndetwe nibahari

Jana jioni binti yangu alikuwa kwenye simu na rafikiye, wanasema kinyume, ile lugha ya kugeuza maneno. Nikasimama mlangoni kusikiliza hadi chai yangu ikapoa.

Mimi na binamu yangu tulikuwa na miaka kumi. Mwezi mzima tuliamini hakuna mtu mzima Mombasa atakayetushika. Silabi ya mwisho unaitanguliza, basi. Nyanya alikuwa barazani anasuka ukili, macho hayatoki mikononi. Nikaita ng'ambo ya kichochoro: "Ndetwe nibahari shoke!" Binamu hakusikia vizuri, nami nilikuwa nimesahau kumwambia wapi. Nikarudia yale yale, nikaongeza neno moja: "Ndetwe nibahari shoke, niliko!"

Mikono ya nyanya ikasimama. Midomo ikatembea polepole, kama anayevuta tasbihi. "Niliko... ni-li-ko... Likoni." Kisha akarudi nyuma, neno kwa neno: shoke, kesho, nibahari, baharini. Akaniangalia bila hasira. "Ungesema mara moja, mjukuu wangu, nisingekushika. Likoni haendi mtu."

Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba watu wazima nao walishikwa hivyohivyo, na walioshika walikuwa hapahapa Mombasa. Aprili 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Japani zilipiga Colombo, Sri Lanka ya leo, na wafumbuzi wa misimbo wa Uingereza waliokuwa huko wakahamishiwa kwetu. Wakakaa katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Kituo kikaitwa Kilindini. Meli za biashara za Japani zilitumia msimbo ulioitwa JN-40: maandishi yanageuzwa tarakimu mbilimbili, kisha tarakimu zinapangwa kwa safu na kuvurugwa. Kinyume cha namba. Septemba, Mjapani mmoja alisahau kuandika mahali meli ilipo. Akautuma ujumbe upya kwa ufunguo uleule, yaani mpangilio uleule wa kuvuruga, na mahali pale ameongeza. John MacInnes na Brian Townend wakapata pa kuingilia. Kufikia Novemba Kilindini walikuwa wanasoma ujumbe unapoingia tu, na safari za meli zile zikawa wazi kwa adui wa Japani.

Nilimsimulia binti yangu haya yote, ya nyanya na ya vita. Akanyamaza kidogo.

"Baba, yule aliyerudia, kuna aliyemwambia?"

Sikumjibu. Nilikuwa namwona mtu mezani, amegundua amesahau neno moja, anainama kuandika tena kwa uangalifu, ili wenzake wajue meli iko wapi.