Mlio uliokuwa ukipanda na injini: nilivyoutafuta kwenye amplifaya yangu hadi nikaupata

Gari langu ni Toyota IST iliyokuja na redio yake ya Kijapani. Wenye magari haya wanaijua shida hiyo: FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, na huku Dar es Salaam stesheni zetu zimejipanga kati ya 88 na 108. Wengi hufunga kile kifaa cha kuhamisha masafa wakaendelea na maisha. Mimi niliamua kubadili redio kabisa, na kwa kuwa dashibodi ilikuwa imeshafunguliwa nikaweka na amplifaya (kikuza sauti) ya chaneli nne, spika mpya za milangoni, na sabufa moja, yaani spika ya besi, ya inchi 12 kwenye buti. Napenda sana dansi la zamani. Nilitaka gitaa la solo na la rithimu yasikike kila moja mahali pake, na besi niisikie yenyewe, siyo kuikisia.

Kijana aliyenifungia, pale Kariakoo, alimaliza kabla ya saa saba mchana. Nikawasha gari, na kabla sijafika mbali nikausikia: mlio mwembamba kama mbu sikioni. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Muziki ukiwa juu unafunikwa, lakini vyombo vikinyamaza solo libaki peke yake, mbu yule yupo. Nikarudi.

"Kaka, hiyo kawaida, kila gari lenye amplifaya lina kelele kidogo," akaniambia. "Nikuwekee filta?"

Nikakubali. Filta, kifaa cha kuchuja kelele, ikawekwa kwenye waya za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya. Mlio ukapungua, lakini na besi nayo ikapungua, ikawa kavu kama ngoma iliyolegea. Hapo niliumia kweli, maana besi ndiyo niliyoitolea pesa.

Jumapili nikampigia mjomba wangu Tanga. Ametengeneza redio tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mlio unapanda ukikanyaga mafuta, au unabaki palepale?"

"Unapanda."

"Basi unatoka kwenye alternata, ile inayochaji betri. Lakini usiiguse alternata, haina kosa. Tafuta mlio umepita njia gani kufika kwenye spika. Na hiyo filta itoe, inakufichia ugonjwa."

Akanipa kazi mbili. Kwanza nichomoe waya za RCA kwenye amplifaya, injini ikiwa inaunguruma. Nikachomoa: kimya kabisa. Kwa hiyo amplifaya, waya za spika na spika zenyewe hazikuwa na tatizo. Pili nichomeke simu moja kwa moja kwenye amplifaya, simu isiwe kwenye chaji. Muziki ukatoka safi, hata nilipopiga resi. Redio ikiwa peke yake haina shida, amplifaya ikiwa peke yake haina shida, ila zikiunganishwa mlio unazaliwa.

Mjomba alinieleza hivi. Umeme ukishatumika hurudi kwenye betri kupitia bodi la gari. Redio imefungwa athi, yaani waya wake wa hasi kwenye bodi, pale dashibodi, amplifaya imefungwa athi yake kule buti. Kama moja ya athi hizo ni mbovu, volti za sehemu hizo mbili hazilingani, na ile tofauti hutafuta njia ya kupita. Njia nyepesi inayobaki ni waya wa nje wa RCA, uleule unaobeba muziki. Mawimbi ya alternata yanapita humo na amplifaya inayakuza pamoja na wimbo.

Nikaazima mita kwa jirani. Nikaunga waya mrefu kutoka hasi ya betri hadi buti, ncha moja ya mita nikaigusisha hapo, nyingine kwenye skrubu ya hasi ya amplifaya, injini imewashwa na muziki uko juu. Ikasoma volti 0.7. Mjomba alisema nisikubali hata 0.1. Nikaufuata waya wa athi wa amplifaya: ulikuwa umebanwa chini ya bolti ya kiti cha nyuma, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo uliokuwa ukipita ni ule mdogo wa kwenye nyuzi za bolti tu. Nikachagua sehemu nzito ya bodi ndani ya buti, nikahakikisha chini yake hakuna tangi wala bomba, nikakwangua kwa msasa hadi bati likang'aa, nikafunga kwa bolti na nati, kisha nikapaka rangi juu isishike kutu. Nikapima tena: 0.05.

Mlio ukapungua sana, ila haukuisha. Nikafunua zulia nikakuta RCA na waya mkubwa wa betri vimelazwa pamoja upande mmoja, nikauhamishia RCA upande wa pili. Kusema kweli sikusikia tofauti, ingawa ndivyo inavyotakiwa kupita.

Jibu lilikuwa kwenye redio. Nilipima kati ya chuma cha nje cha tundu la RCA na bodi la redio, ambapo pangepaswa kuwa na muunganiko, mita haikusoma kitu. Ile athi mbovu ya buti ilikuwa imesukuma umeme wa amplifaya urudi kupitia RCA hadi ukaunguza kinjia chembamba ndani ya redio. Yaani kosa la kwanza lilizaa la pili, na filta ingeyafunika yote mawili. Nikalehemu kipande cha waya kutoka kwenye chuma hicho hadi kwenye skrubu ya bodi la redio, nikawasha gari. Kimya. Nikakanyaga mafuta. Kimya.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Amplifaya ilikuwa ikijizima kwenye besi nzito kwa sababu koili mbili za sabufa, omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kila moja, zilifungwa sambamba zikawa omu 2, na chaneli zilizounganishwa kuendesha sabufa zinataka angalau 4. Nikazifunga kwa mfuatano zikawa 8. Nguvu imepungua, lakini joto limepungua sana. Geini ya amplifaya, yaani kirekebisho cha kiasi inachokuza muziki unaotoka kwenye redio, ambayo watu wengi huifanya kitufe cha sauti, niliirudisha chini kabisa, nikaweka redio robo tatu, nikaipandisha taratibu hadi sauti ikaanza kukwaruza, nikarudi nyuma kidogo.

Nilipompigia mjomba kumpa habari njema alifurahi, kisha akauliza, "Na fyuzi ya waya mkubwa iko wapi?"

Nikamwambia iko buti, karibu na amplifaya.

"Hapana, mwanangu. Huo waya ukichubuka popote njiani ukagusa bodi, hakuna cha kuuzuia. Gari litaungua na wewe umo ndani. Fyuzi ikae karibu na betri."

Sikuendesha gari siku hiyo. Nilichomoa waya kwenye betri, na kesho yake nikaifunga fyuzi ya ampea 60 umbali wa shubiri moja kutoka kwenye betri, nikaupitisha waya kwenye mpira pale unapotoboa ukuta wa injini, ndipo nikaunganisha tena.