Wenzangu Walinunua Bati, Mimi Nilinunua Tiketi

Kaunta buku yangu ya kwanza ya safari ilikufa maji kati ya Ndundu na Somanga, Januari ya 1997.

Nilikuwa narudi Lindi kuwahi shule kufunguliwa. Likizo yote ya Desemba nilikuwa Tanga na Usambara, na kila usiku nilijaza kurasa, chemli ikiwa na mafuta au ikiwa inakaribia kuzima. Daftari lilikuwa ndani ya begi, begi juu ya keria, na keria imefunikwa turubai lenye matundu kama chekecheke. Wanaoikumbuka barabara ya kusini ya wakati ule hawahitaji kuelezwa. Daraja la Mkapa halikuwepo bado. Rufiji tulivuka kwa pantoni, na ng'ambo ya pili ule udongo mweusi ukishanyeshewa unashika tairi kama ugali wa muhogo unavyoshika mwiko. Basi letu lilizama saa kumi jioni. Tulilala pale siku mbili.

Usiku wa kwanza nilipanda kwenye keria kutafuta kanga ya kujifunika, ndipo nikalikuta daftari limevimba kama mkate uliotumbukia chai. Wino wa bluu ulikuwa umechuruzika wote chini ya kurasa. Nililia. Sikulia kwa siri pia, nililia kama mtu aliyepokea habari ya msiba, mpaka mzee mmoja wa Kimwera aliyekuwa anakoka moto akaniuliza, "Mwalimu, nani amefariki?"

Nikamwambia daftari. Akalichukua, akaligeuzageuza, akanirudishia. "Haya, tusimulie basi yaliyokuwemo. Usiku wenyewe mrefu, na huyu fundi wa gari kazi yake ni kulaani tu."

Nilianza vibaya. Nilianza na milima, ukungu unavyoshuka asubuhi Lushoto, misitu, baridi, kwa maneno yale yale niliyokuwa nimeyaandika na kujivunia. Nikaona akina mama wameanza kuulizana nani amebakiwa na mkate. Nikaacha milima, nikaenda kwenye mbuzi. Tulipokuwa tunapanda kutoka Mombo, kulikuwa na mbuzi amefungwa juu ya basi, na chini yake dirishani amekaa bwana mmoja wa kanzu nyeupe aliyekuwa anamkemea konda tangu tumeondoka stendi. Mbuzi akajisaidia. Bwana akatoa kichwa nje kuangalia kama mvua imeanza. Hapo nilisimama, nikawa mbuzi, nikawa bwana, nikawa konda anayejifanya hajaona. Konda wa basi letu akachukua tochi yake akanimulika usoni, na watu wenye njaa na matope mpaka magotini wakacheka hadi mtoto mmoja mchanga akaamka.

Asubuhi niliandika maneno matatu nyuma ya tiketi: mbuzi, kanzu, Mombo. Hadithi ya kwanza niliyowahi kuchapisha ilitoka katika maneno hayo matatu. Katika kurasa themanini zilizooza sikumbuki hata moja.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza nimewezaje, mwalimu wa shule ya msingi, kutembea hivi, kucheza jukwaani na kuandika, huwa nawaeleza kuhusu tope la Ndundu. Wengi hudhani ninawakwepa.

Nimezaliwa Mikindani. Ukikulia pale, safari huitafuti, inapita mlangoni. Tulipokuwa wadogo tulionyeshwa upande ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, ingawa mimi nilikuwa naangalia zaidi majahazi kuliko kuta za zamani. Nilitaka kujua nahodha anakula nini, na akitapika anatapikia wapi. Bibi mzaa mama, Mmakonde wa kutoka nyanda za juu huko Newala, alisema nina miguu ya mbwa. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka kwa lori la korosho mpaka Newala nikiwa na miaka tisa, tukasimama ukingoni pa Shimo la Mungu, nchi imekatika ghafla miguuni na bonde lote la Ruvuma liko chini. Sikulala usiku ule.

Ngoma nayo ilinipata hukohuko. Shuleni nilikuwa katika kikundi cha sindimba, wa mwisho kwenye mstari kwa sababu ya ufupi, tukicheza kupokea Mwenge na wageni wa wilaya. Nilipenda yale ya kabla ya kucheza: vijana wanawasha nyasi kavu, wanazungusha ngozi za vinganga juu ya moto, wanagonga kwa kidole, wanasikiliza, wanarudisha motoni tena. Ngoma ikiwa haijakaza, hata mchezaji awe nani, kiuno hakiitiki. Na nilipenda mapiko, ngoma ya vinyago, kwa woga. Sisi wanawake hatukutakiwa kujua nani yumo ndani ya kinyago, lakini hakuna aliyetukataza kutazama. Lipiko, yule mvaa kinyago, akiingia uwanjani hachezi mara moja. Anasimama. Anawaangalia watu. Uwanja mzima unanyamaza mpaka unasikia mchanga chini ya miguu yake. Ilinichukua karibu miaka thelathini kuelewa kwamba kile kimya kilikuwa somo.

Nikawa mwalimu, nikapangiwa Lindi. Mshahara ulikuwa mdogo, likizo zilikuwa mbili, Juni na Desemba. Wenzangu walijenga polepole, mwaka huu tofali, mwaka ujao bati. Mimi nilinunua tiketi. Kaka yangu aliacha kunisemesha kwa mwaka mzima kwa ajili ya hilo, na sina hakika kwamba alikosea kabisa, maana nyumba yangu nimeipaua nikiwa na miaka hamsini na mbili. Nililala kwa walimu wenzangu, kwa shemeji za majirani, mara moja kwenye darasa la chekechea mjini Tunduru. Gesti nilizielewa mapema. Mapokezi wakiniuliza mume wangu yuko wapi nawajibu yuko nyuma anakuja na mizigo. Amechelewa sana sasa, huyo bwana.

Baada ya Ndundu nilibadilisha namna ya kuandika njiani. Naandika kwa penseli kwa sababu penseli haichuji ikilowa, na daftari linakaa kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Siandiki mandhari. Naandika nauli niliyolipa, maandishi yaliyo nyuma ya gari, nilichokula, na sentensi moja ya mtu kama alivyoitamka, na makosa yake. Nauli hasa. Nikisoma nimelipa kiasi fulani kwa mtumbwi, nakumbuka mkono ulioipokea, pete iliyokuwa kidoleni, na ubishi kabla ya chenji. Milima inarudi yenyewe nyuma ya ule ubishi.

Nikifika nyumbani sishiki kalamu. Nasimulia kwanza. Kwanza kwa majirani barazani, tukimenya ming'oko iliyochemshwa. Kisha kwa wanafunzi wangu siku ya Ijumaa. Kisha mbele ya watu wasionijua, iwe harusi, mkutano wa wazazi, au uwanja wowote utakaonipa dakika kumi. Mahali wanapopapasa simu zao nakata. Mahali mtoto anapouliza "halafu?" naongeza. Nikishasimulia mara tano ndipo naandika, na kuandika kwenyewe kunakuwa kama kuandika imla. Nilipokuja kusoma kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, safari zake alizisimulia na aliyeandika ni mwingine, Ibn Juzayy, wakamaliza mwaka 1355, nilicheka peke yangu. Mzee yule wa Kimwera alikuwa amenifundisha jambo lile lile bila malipo.

Nitoe mfano wa Tendaguru, kilima kilichoko huku Lindi, kwa sababu hapo ndipo nilikaribia kuaibika.

Kila mtu wa Lindi amesikia habari za mijusi mikubwa ya kale, dinosaria. Wajerumani waliichimbua pale mwaka 1909 hadi 1913, na mjusi mmoja leo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Nilienda Tendaguru kwa bodaboda, kijana akiendesha kwenye njia ambayo sehemu nyingine ilikuwa ni imani tu. Tulipofika hapakuwa na kitu. Kilima, nyasi, jua, na kijana anayeniangalia kwa huruma kama anataka kunirudishia nauli. Nikarudi, nikakusanya takwimu zangu za mifupa, nikatengeneza onyesho la nusu saa, nikalipeleka jioni moja Lindi mjini karibu na ufukwe. Nilieleza shingo, nikaeleza mkia. Nilichora urefu wa mnyama mchangani kwa kamba. Watoto walifurahia kamba kwa dakika tatu.

Mwishoni bibi mmoja wa Mtanda akainua mkono. "Mwanangu, shingo tumeisikia. Hao waliobeba mifupa walikula nini? Walilala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama na kamba yangu mkononi.

Nikarudi kusoma upya, safari hii sitazami mjusi. Mamia ya watu wa huku kwetu walichimba na kubeba. Mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi, mzigo kichwani au begani, kisha kurudi kuchukua mwingine. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake sikuwahi kulisikia shuleni hata siku moja, ingawa Janensch na Hennig, wale wanasayansi wa Kijerumani, majina yao yanapatikana kirahisi. Nikachukua kiroba, nikajaza mchanga kilo 25, nikakibeba kichwani alfajiri kutoka kwangu kwenda Mitwero. Sikufika hata nusu. Shingo iliuma kwa wiki, nikawa nageuka na mwili mzima, na wanafunzi walifurahi sana.

Onyesho la pili nililianza na kiroba kichwani, bila neno. Niliingia, nikasimama, nikawaangalia. Kimya cha lipiko. Nilihesabu polepole moyoni, na nilipofika kumi na tano nikasikia mtu anasema chini kwa chini, "Mshusheni jamani, ataumia." Hapo nikaanza kusema. Mjusi alikuja mwishoni kabisa, kwa sentensi mbili. Yule bibi alikuwepo. Hakusema kitu, aliniletea maji.

Hadithi hiyo niliichapa kwenye steshenari, nakala arobaini, zikabanwa kwa stepla, nikaziuza shilingi elfu mbili moja. Zikaisha, nikatoa nyingine. Hivyo ndivyo nilivyochapisha karibu kazi zangu zote. Gazeti moja lilichapisha mbili, na mhariri akazijaza maneno kama "mandhari ya kuvutia" ambayo mimi siyasemi hata nikiwa na homa.

Sijafanikiwa kila mahali. Hoteli moja ya kitalii iliwahi kunialika na kikundi cha vijana wangu, wakataka sindimba ya dakika saba "yenye viuno zaidi," na hadithi isiwepo. Vijana walihitaji pesa, tukacheza. Tulilipwa nusu, nusu nyingine inakuja kama mume wangu na mizigo.

Na kuna safari ambazo hazitaki kusimuliwa haraka. Niliwahi kuvuka Ruvuma pale Kilambo kwenda upande wa Msumbiji wakati maji yamepungua. Katikati ya mto boti ikakwama kwenye fungu la mchanga, na abiria wote tukashuka kusukuma, maji kiunoni, viboko wanakoroma upande wa chini. Mama aliyekuwa karibu nami alikuwa anaongea Kimakonde na mtoto wake mgongoni, taratibu, kama yuko jikoni. Nilijaribu kuigiza woga wangu mara nyingi, kwa kelele, kwa macho, nikichekwa kila mara. Siku nilipoacha kujiigiza mwenyewe nikamwigiza yule mama, hakuna aliyecheka. Bado sijaiandika. Iko kwenye daftari: nauli, jina la boti, na neno moja la Kimakonde alilokuwa analirudia.

Sasa nimestaafu. Mwaka jana nilipanda basi kutoka Mtwara kwenda Dar. Lami tupu, viti vinalala, na mbele televisheni inapiga filamu ya watu wanaochinjana. Somanga tulisimama kidogo, wauza samaki wakakimbilia madirishani, nikanunua ngisi wa kukaanga. Tulipoondoka nilibandika uso kwenye kioo nitafute mahali basi letu lilipozama. Nyasi zote zinafanana. Muda si mrefu tukawa juu ya daraja, Rufiji iko chini, na hakuna aliyenyanyua kichwa kwenye filamu.

Nikamwita konda. "Mwanangu, hiyo televisheni unaweza kuizima?"

"Mama, abiria watanisema."

"Nipe dakika kumi."

Akaniangalia, akaangalia mkoba wangu, labda akitafuta Biblia au dawa za kuuza. "Kumi tu, mama."

Nikasimama, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine bado una mafuta ya ngisi. Nikawaangalia. Basi likatikisika, nikatikisika nalo, nikaendelea kuwaangalia.

"Paukwa!"

Wakaitika watu watatu, mmoja wao dereva.